Mbwa Anayeparura Mlango: Chanzo Chake na Namna ya Kumzuia

Katika mkoa wetu wa Tabora mlango ni mali inayopatikana kwa jasho. Familia huchoma tofali, ikajenga, ikaezeka kwa bati, kisha ikakaa misimu miwili ya mavuno uwazi wa mlango ukiwa umezibwa kwa mabati chakavu, mpaka itakapopata fedha ya kumlipa seremala. Mlango wa mninga ukishatundikwa na kupakwa vanishi, nyumba huhesabiwa kuwa imekamilika. Haupiti muda, sehemu ya chini ya mlango huo inakuwa na michirizi mirefu iliyochimbwa na makucha ya mbwa wa humo humo nyumbani, na vumbi la mbao limelala juu ya kizingiti.

Hasara hiyo si ndogo, lakini sicho kinachotusukuma kuliandika jambo hili katika jarida la Halmashauri. Linalotusukuma ni yale yanayofuata. Mbwa huchapwa fimbo. Asipoacha hufungwa mnyororo usiku na mchana. Mlango hupakwa oili chafu ya gari au, katika kaya zinazolima tumbaku, dawa ya kuua wadudu wa shambani iliyobaki kwenye chupa. Mwisho kabisa mbwa hupelekwa mbali na kutupwa, akaungana na mbwa wanaozurura sokoni na machinjioni, ambao hakuna anayewapeleka kuchanjwa. Hapo suala la mlango wa nyumba moja linakuwa suala la afya ya kata nzima.

Hatua hizo zote zinafanana kwa jambo moja: hakuna hata moja inayouliza mbwa anataka nini. Yeye hauchukii mlango. Anauparura kwa sababu anataka kitu kilicho upande wa pili, na mara nyingi amekwisha kujifunza kwamba makucha ndiyo ufunguo. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha, kila tulipoinuka kitini kwenda kumfungulia ili atuache tule kwa utulivu.

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha matokeo ya majaribio yanayolieleza jambo hili vizuri. Aliwafungia paka na mbwa wenye njaa ndani ya masanduku ya mbao, chakula kikiwa nje mahali wanapokiona. Mlango wa sanduku ulifunguka endapo tu mnyama angevuta kamba fulani au kukanyaga kibao fulani. Mara ya kwanza mnyama alihangaika, akiuma hapa na kuparura pale, mpaka kwa bahati akagusa panapohusika na mlango ukafunguka. Aliporudishwa tena na tena, mahangaiko yalipungua, na hatimaye alikwenda moja kwa moja kwenye kamba au kibao. Thorndike alihitimisha kwamba tendo linalofuatiwa na faraja hurudiwa, na lisilofuatiwa na faraja hufifia. Mbwa aliye kibarazani kwako yumo katika jaribio lile lile, isipokuwa kwamba kamba yake ni ubao wa mlango wako.

Wataalamu waliofuata, akiwamo B. F. Skinner, walionyesha jambo la pili ambalo wenye mbwa hulisahau. Tendo linalolipwa mara chache, bila utaratibu, hudumu kuliko linalolipwa kila mara. Baba asipofungua siku nne, na siku ya tano mtoto akafungua kwa huruma, mbwa amejifunza kwamba subira inalipa. Kwa hiyo kaya isiyo na kauli moja humlea mbwa sugu kuliko kaya inayomfungulia kila siku.

Kabla ya mafunzo yoyote, mwenye mbwa achunguze kwanza ni saa ngapi na katika hali gani mlango unaparurwa. Siku tatu za kuangalia kwa makini zinatosha katika kaya nyingi. Mbwa anayeparura saa ya chakula ana haja yake, na anayeparura radi inapopiga ana haja nyingine kabisa. Dume anayeparura ili atoke, halafu akatoweka hadi asubuhi, huenda amenusa jike lililo kwenye joto mahali fulani mtaani, na hali hiyo kwa jike huchukua takribani wiki tatu. Kwa huyo la kuzungumza na daktari wa mifugo ni kuhasiwa, kwa ganzi na usafi, wala si kwa wembe wa jirani.

Miezi ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua la uwanda wetu huwa kali na ardhi ya uani huwaka. Mbwa asiye na kivuli ataliendea eneo lenye ubaridi, nalo ni sakafu ya saruji iliyo nyuma ya mlango. Kwa mbwa wa namna hii hakuna somo la kumfundisha. Anahitaji maji safi katika chombo kisichopinduka, na kivuli cha mwembe au cha banda. Vivyo hivyo kwa mbwa mwenye njaa, na kwa mbwa anayeliwa na kupe na viroboto hata hawezi kutulia. Ni kawaida yetu kuona tabia mbaya mahali palipo na shida tu.

Mvua zinapoanza, kwa kawaida mwezi Novemba, hadi zinapomalizika Aprili, radi huleta aina nyingine ya uparuraji. Mbwa anayetetemeka, masikio yamelala, mkia umeingia katikati ya miguu, anaparura kwa hofu. Hofu si ukaidi, na fimbo juu ya hofu huongeza hofu. Wako wanaoamini kwamba kumtuliza mbwa wakati huo ni kumdekeza, sivyo. Mwacheni aingie stoo, jikoni au ukumbini mpaka radi ipite, au awe na banda lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, lenye giza ndani na nyasi kavu za kulalia. Kuna mbwa ambao hofu hii haiwaishi maishani mwao. Hao hupangiwa mahali pa kujificha, basi.

Usiku nao una hesabu yake, hasa katika vijiji vilivyo kando ya misitu ya miombo. Mbwa aliyelala nje akisikia fisi hukimbilia mlangoni. Hapa tunashauri kwamba mwenye nyumba amulike kwa tochi kupitia dirishani kabla ya kumkaripia, maana mbwa huyo huyo ndiye mlinzi aliyewekwa ili atoe habari. Akiwa amegeuza mgongo kwa mlango na kubweka kuelekea nje, anafanya kazi yake. Akiwa ameuelekea mlango na kulia kwa sauti nyembamba, anaomba hifadhi.

Ukiziondoa hizo zote, anabaki mbwa mwenye afya, aliyeshiba, mwenye kivuli, ambaye anaparura kwa sababu tu watu wako ndani naye yuko nje. Huyu ndiye wa kufundishwa.

Kaya yote ikae na ikubaliane: baba, mama, watoto, binti wa kazi, hata bibi aliyekuja kutoka Nzega kusalimia. Kuanzia siku iliyopangwa, mlango haufunguliwi kwa makucha. Mbwa akiparura, asisemeshwe, asiangaliwe, asikaripiwe. Karipio nalo ni malipo kwa mnyama anayetaka kusikia sauti ya mtu. Akinyamaza na kushusha miguu, mtu ahesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha afungue taratibu na kumpa kipande kidogo cha ugali wenye dagaa. Siku zinavyokwenda, hesabu ya tano iwe kumi, kumi iwe ishirini.

Kuna jambo linalowavunja moyo wengi, na ni afadhali lijulikane mapema. Katika siku za mwanzo mbwa ataparura zaidi kuliko alivyokuwa akiparura awali. Atalia, ataruka, ataongeza mguu wa pili. Ni kama mtu aliyezoea ufunguo wake, na leo kitasa kimegoma. Kabla ya kuuacha atauzungusha kwa nguvu. Ukifungua katika saa hiyo, umemfundisha kwamba kipimo cha zamani kilikuwa kidogo na sasa anapaswa kutumia nguvu mpya. Ukistahimili, fujo hushuka. Wenye wasiwasi na mbao zao waupigilie mlango, kwa kipindi hicho, bamba la bati au alumini hadi kimo cha goti, kingo zake zikiwa zimekunjwa ndani ili zisimkate mnyama.

Kunyima peke yake hakutoshi. Mnyama anapaswa kupewa tendo jingine la kuombea. Tandika gunia kuukuu hatua mbili kutoka mlangoni. Mwite mbwa juu ya gunia, na akikaa mpe chakula kidogo hapo hapo. Rudia mara kadhaa kwa siku, kila mara kwa dakika chache tu, kwani mbwa huchoka na somo kama mtoto. Akishazoea kwenda guniani, mlango ufunguliwe akiwa amekaa pale. Baada ya majuma machache utamkuta amekaa juu ya gunia, kimya, akikutazama unapotoka alfajiri. Bado anaomba, ila sasa anaomba kwa lugha isiyoharibu ubao.

Mbwa anayefungiwa ndani ya duka au nyumba pindi wenyewe wanapoondoka ana mahitaji tofauti kidogo. Yeye hujua dalili za safari: viatu, ufunguo, mlio wa pikipiki. Hizo dalili zifanywe mara nyingi bila safari yoyote, hadi zipoteze maana. Kisha mtu atoke kwa dakika moja na kurudi, halafu kwa tatu, halafu kwa kumi, bila maagano marefu wala shangwe ya kurudi. Punje za chakula zikitawanywa kwenye nyasi kavu au ndani ya gunia lililokunjwa, zitampa shughuli ya pua katika dakika za mwanzo, ambazo ndizo ngumu kuliko zote. Na kabla ya kumfungia, mtembezeni. Mbwa aliyechoka kwa kutembea hulala.

Eneo la banda linastahili maelezo. Kaya nyingi huliweka nyuma kabisa ya nyumba, karibu na choo au shimo la taka, mahali ambapo mbwa haoni mtu. Mbwa ni mnyama wa kundi, na kundi lake ni ninyi. Banda lililo mahali anapouona mlango na watu wanaoingia na kutoka humtuliza kuliko banda kubwa lililojitenga. Liinuliwe juu ya tofali ili maji ya masika yasipite chini, liwe na upana wa kumwezesha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, na uwazi wake usielekee upande inakotokea mvua.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa kaya za Kiislamu, ambazo ni nyingi Tabora mjini na kando ya njia ya zamani ya misafara, kutoka Kigwa hadi Ujiji. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa, lakini mlango uliolowa mate, saa ambayo mtu ametia udhu na anakwenda kuswali alfajiri, ni usumbufu wa kweli. Kaya hizi haziwezi kuambiwa zimwingize mbwa ndani radi inapopiga. Kwao banda bora lenye paa lisilovuja, pamoja na gunia lililowekwa mbali kidogo na njia ya kupita, si anasa, ndiyo njia yenyewe.

Pengine inafaa kukumbuka kwamba milango na mbwa vina historia ndefu katika njia hii. Wafanyabiashara wa kutoka pwani na Oman waliokaa Unyanyembe katika karne ya 19 walikuja na desturi yao ya kuthamini mlango wa nakshi, uliotangaza hadhi ya mwenye nyumba kabla yeye mwenyewe hajasalimiwa. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, tembe alimokaa Stanley mwaka 1871, kisha Livingstone mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Stanley alipoondoka pwani katika safari ile alikuwa na mbwa aliyeitwa Omar, wa kumlindia hema. Mbwa huyo alikufa njiani, wala hakuiona Unyanyembe. Tunalitaja hilo pia kwa sababu ya manufaa. Mwenye nyumba aliyerithi mlango wa nakshi aelewe kwamba ubao bapa uliochubuka hupigwa randa na kurudi ulivyokuwa, lakini nakshi iliyochubuliwa hairudi. Mlango wa namna hiyo uwekewe kizuizi mapema, kabla ya somo lolote la mbwa.

Sasa turudi kwenye zile dawa za kupaka. Viuatilifu vya tumbaku vimetengenezwa kwa ajili ya shamba, na mtumiaji hutakiwa kuvaa kinga. Kuvipaka mlangoni ni kuviweka mahali ambapo mtoto wa miaka miwili hushika akijifunza kusimama, kisha hutia vidole mdomoni. Mbwa naye hulamba miguu yake. Oili chafu nayo ina sumu, tena huingia ndani ya ubao na kuuzuia kushika vanishi milele. Pilipili humuumiza mnyama macho na haimfundishi chochote, kwani mvua moja huiondoa. Kuhusu fimbo na mnyororo wa kudumu, wananchi wanakumbushwa kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama na inamtaka anayemfuga mnyama kumtunza ipasavyo. Hata pasipokuwa na sheria, mbwa anayefungwa saa zote huwa mkali, na siku mnyororo unapokatika, wa kwanza kukutana naye huwa mtoto.

Limebaki jambo ambalo tungependa kila msomaji alisome mara mbili. Yote yaliyoelezwa hapo juu yanamhusu mbwa ambaye tabia yake inajulikana. Mbwa ambaye hajawahi kuparura, kisha ghafla akaanza kuparura na kuuma mbao, mawe au vijiti, akitokwa mate mengi, sauti yake imebadilika kuwa ya kukwaruza, akiyumba anapotembea au akimshambulia mtu anayemfahamu, asifundishwe wala asikaribiwe. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Wapo pia mbwa wagonjwa ambao badala ya ukali huwa wapole kupita kawaida, wakajificha gizani na taya ikalegea, hata mtu akadhani amekwamwa na mfupa na kumtia mkono kinywani. Kama inawezekana bila kumgusa, afungiwe alipo, watoto waondolewe, na taarifa itolewe mara moja kwa afisa mifugo wa kata au mtendaji wa kijiji.

Aliyeng'atwa, au aliyelambwa mahali penye kidonda, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Asipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Ugonjwa huu hukaa mwilini kimya kwa majuma, pengine kwa miezi, na katika muda huo chanjo humwokoa mtu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba pakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi baina yao hukatika. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya mbwa aliyetupwa kwa sababu ya mlango awe hasara kwa majirani wote: ameondoka katika asilimia ya waliochanjwa na kuhamia upande wa pili. Tarehe 28 Septemba kila mwaka huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini mfugaji hana haja ya kuisubiri. Aulize ofisi ya mifugo ya kata yake chanjo inapatikana lini na wapi, aende na mbwa akiwa amefungwa kamba na kushikwa na mtu mzima, na kadi ya chanjo aitunze pamoja na nyaraka nyingine za kaya.

Mlango ulioharibika utengenezwe baada ya mbwa kuzoea gunia, si kabla. Michirizi isiyo na kina huondolewa kwa msasa, ukianza na ule wa chenga kubwa na kumalizia kwa laini, kwa kufuata mkondo wa ubao. Iliyochimbika hujazwa unga wa mbao ya aina ile ile uliochanganywa na gundi ya seremala, ukaachwa ukauke vizuri ndipo usuguliwe. Vanishi ipakwe nje ya nyumba au milango na madirisha yakiwa wazi, mara mbili, na mbwa azuiwe kufika pale hadi harufu iishe. Makucha yake nayo yakatwe ncha tu, maana ndani yana mshipa wa damu. Kwa mbwa mwenye makucha meusi, ambayo mshipa hauonekani, afadhali mara ya kwanza kazi hiyo ifanywe na afisa mifugo huku mwenyewe akiangalia.